Mbwa Wako Hajachoka, Anaumia

Wasee, video yangu iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote ni ya mbwa wangu akiwa kwenye maumivu. Wakati huo sikujua. Nilidhani ni komedi.

Nitawapea stori yote kwanza, halafu nitoe maoni yangu. Najua kuna watu watakasirika. Sawa tu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi nyumbani Kinoru na begi moja, simu yenye kamera nzuri na mpango wa kutengeneza kontenti. Mathe hakuufurahia huo mpango. Asubuhi akienda sokoni Gakoromone aliniacha nimelala, jioni akirudi alinipata kwa simu. Nikaona heri niamke mapema, angalau aone najituma. Nikaanzisha mfululizo wa video nikauita "Asubuhi na Bosco".

Bosco ndiye mbwa wangu. Nilimnunua Makutano kwa jamaa aliyeniapia kwamba ni German Shepherd safi. Ukimwangalia masikio utaamini. Ukimwangalia mkia utaanza kuuliza maswali. Tulipoanza kukimbia alikuwa na miezi saba.

Siku nne kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa barabarani. Tunatoka kwa ploti, tunapita uwanja wa Kinoru (ule uliokarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, halafu mashindano yenyewe yakapelekwa Moroko), tunapanda, tunarudi. Kilomita sita, nusu lami, nusu changarawe. Mimi nashika simu mkono mmoja na kamba mkono wa pili. Watu walipenda. Mbwa mkubwa anakimbia kwenye ukungu wa Meru mwezi wa saba, manze, hata wewe ungependa.

Kwa mwezi wa pili hivi nikaanza kuona kitu. Tukiwa tunakimbia, Bosco alikuwa moto. Anavuta kamba, ananipita, anageuka kuniangalia ni kama anauliza mbona nazembea. Tukirudi anakunywa maji, anajitupa kwenye simenti ya veranda, analala masaa mawili. Akiamka sasa ndio mambo. Anainuka polepole kama mzee, anajinyoosha, halafu hatua kumi au ishirini za kwanza anachechemea. Baada ya dakika chache anatembea kawaida, ni kama hakuna kitu kimetokea.

Nikachukua video ya hizo hatua za kwanza. Nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika "Bosco akienda kuchukua pensheni". Watu elfu arobaini na kitu waliitazama. Sijawahi kupata hiyo namba kabla wala baada. Watu walituma vicheko vya machozi. Na wale wachache waliouliza "huyo mbwa yuko sawa?" niliwajibu neno moja: amechoka.

Wiki hiyo shosho alikuja kututembelea kutoka Nkubu. Nikamwonyesha video nikijua atacheka. Hakucheka. Akaniambia niirudishe mwanzo. Akaiangalia tena, simu ameishika mbali na macho vile wazee hushika, akasema, "Huyu mbwa anaumwa mguu wa mbele. Wa kushoto."

Nikamuuliza amejuaje, na mimi niliyeishi naye nilidhani miguu yote ni sawa.

"Usiangalie mguu, mjukuu wangu. Angalia kichwa. Akikanyaga ule mbaya, kichwa kinapanda. Akikanyaga ule mzima, kinashuka. Ng'ombe hufanya vivyo hivyo." Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, "Si wewe ulienda chuo?"

Nilienda nyuma ya nyumba nikaitazama tena hiyo video bila sauti. Bila muziki haikuwa inachekesha hata kidogo. Ilikuwa mbwa mchanga anayejaribu kutoweka uzito kwenye mguu wake.

Sasa maoni yangu ndiyo haya: mbwa akichechemea baada ya mazoezi, neno "amechoka" ni jibu la uvivu. Na mara nyingi ni uongo. Tunalipenda kwa sababu halitugharimu kitu. Halidai daktari, halidai tuache kukimbia, halidai tujiulize kama sisi ndio tulimuumiza. Amechoka, atalala, atapona, kesho saa kumi na mbili tuko barabarani tena.

Lakini fikiria kidogo. Uchovu hauchagui mguu mmoja. Mbwa aliyechoka anahema, analala, akiamka anatembea pole, lakini anatembea sawa kushoto na kulia. Mbwa anayechechemea amepunguzia mguu fulani kazi. Kuna sababu ameupunguzia. Na hata ukimwambia mara mia kwamba ni uchovu, ule mguu hausikii Kiswahili chako.

Swali lililonipoteza mimi ni hili: kama anaumia, mbona anachechemea baada ya kukimbia na si wakati anakimbia? Daktari wa mifugo ndiye alinifafanulia baadaye. Ni rahisi kuelewa ukishaambiwa.

Mbwa akikimbia, mwili unapata joto. Misuli inalegea, damu inazunguka kwa kasi, ule ute ulio ndani ya viungo unapaka vizuri. Juu ya hapo kuna msisimko. Yuko nje, yuko na wewe, kuna harufu mpya kila kona, na adrenalini iliyo mwilini inafunika maumivu. Kama umewahi kucheza mpira ukakanyagwa kifundo cha mguu dakika ya kumi, unajua. Unamaliza mechi, unarudi nyumbani ukipiga stori, halafu asubuhi unashindwa kushuka kitandani. Ni hiyo tu.

Akilala, mwili unapoa. Palipoumia panaanza kuvimba, kiungo kinakakamaa. Akiamka, hatua za kwanza ndizo zinazosema ukweli. Akitembea kidogo panapata joto tena, na kuchechemea kunapotea. Sisi wenye mbwa tukiona hivyo tunasema "si nilikwambia ni usingizi tu". Kumbe kupotea kwenyewe baada ya dakika chache ni moja ya dalili ambazo daktari huzitafuta akishuku kiungo kina shida.

Kuna kitu kingine alichoniambia ambacho sijawahi kukisahau. Mwisho wa kila mfupa, pale unapokutana na mwenzake, kuna gegedu, ile kitu nyeupe laini unayoiona ukila mguu wa kuku. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hivyo ikiharibika haiponi kwa urahisi. Na haina neva za maumivu. Maana yake, inaweza kuanza kulika bila mbwa kusikia chochote. Ukimwona ameanza kuumia, shida imefika mpaka kwenye utando unaozunguka kiungo au kwenye mfupa wenyewe. Kwa hivyo ile siku ya kwanza unaona anachechemea si lazima iwe siku ya kwanza ya ugonjwa. Inawezekana umechelewa tayari.

Halafu mbwa ni mnyama wa kundi. Hapendi kuonekana mnyonge. Hatalia. Watu wengi huniambia, "lakini hakulia hata nikimshika". Kulia kwa mbwa huja mwisho, kama kunakuja. Kabla ya hapo kuna kuinuka polepole, kukataa ngazi, kulamba mahali pamoja, kusita kuruka kitu ambacho jana alikiruka.

Kwa hivyo ukimwona anachechemea, fanya nini? Anza na kile kisicho na gharama, ambacho ni kuangalia.

Angalia nyayo kwanza. Barabara zetu zina chupa zilizovunjika, miiba ya ua, mawe makali. Tenganisha vidole kimoja kimoja. Tafuta mwiba, ukucha uliopasuka, kidonda, kupe aliyejificha katikati ya vidole. Tafuta hata funza, kwa sababu funza hawaingii watu pekee, mbwa pia huwapata. Mfunge mdomo kwa kitambaa kama anakuruhusu, maana mbwa mpole akiguswa panapouma anaweza kukuuma. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika kumi na tano nzima na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa si mchezo.

Kama nyayo ziko safi, angalia ni mguu upi. Kwa miguu ya mbele tumia ile ya shosho, kichwa kupanda na kushuka. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, ndiyo maana kichwa kinasema sana. Kwa miguu ya nyuma angalia kiuno. Angalia pia anavyokaa. Mbwa anayekaa ameurusha mguu mmoja wa nyuma pembeni, na akisimama anagusa chini kwa ncha za vidole tu, inawezekana goti lake lina shida. Ndani ya goti la mbwa kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba, sawa na zile za mchezaji mpira ambazo moja ikikatika msimu wake umekwisha. Hiyo huumiza mbwa wakubwa sana, na haiponi kwa kuombewa.

Angalia umri wake. Kama ni mbwa mchanga wa mwili mkubwa na leo anachechemea mguu huu, wiki ijayo mwingine, kuna ugonjwa wa mifupa unaopita wenyewe akikua, lakini ni daktari wa kukuambia hivyo, si jirani. Kama amezeeka na hukakamaa zaidi asubuhi za baridi, huenda ni viungo vimelika. Na kama ana homa, hali chakula, amelegea mwili mzima, usihangaike na mguu. Kuna magonjwa ya kupe yanayoleta homa na maumivu ya viungo, na hayo hayasubiri.

Akikataa kabisa kukanyaga, mguu ukiwa umepinda au umevimba, ama amegongwa na bodaboda, hiyo ni ya leo. Si ya kesho.

Hayo yote ni ya kutumia macho. Hakuna shilingi imetoka.

Sasa nije kwa kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko video. Baada ya shosho kusema Bosco anaumwa, nilitaka kusaidia. Mathe ana dawa zake za mgongo, diklofenaki. Nikafikiria: maumivu ni maumivu, dawa ni dawa, na Bosco ni mdogo kuliko mathe, nimpe nusu. Nikamfichia kwenye ugali. Nikampa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kutapika, na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami.

Kinyesi cheusi hivyo ni damu kutoka tumboni. Dawa nyingi za maumivu za binadamu ni sumu kwa mbwa. Diklofenaki na ibuprofeni humchoma tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli humharibu ini, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Kuna dawa za maumivu za mbwa, zipo, lakini hupimwa kulingana na uzito wake na daktari huangalia kwanza figo na tumbo. Huwezi kukadiria kwa kukata kidonge na kisu cha jikoni.

Na hata kama dawa isingemdhuru, bado ningekuwa nimekosea. Kwa sababu mpango wangu ulikuwa apone maumivu ili tuendelee kukimbia. Maumivu ndiyo pekee yaliyokuwa yanamzuia kuharibu mguu zaidi. Mimi nilitaka kuyazima ili mfululizo wa video usikatike.

Hivyo ndivyo tulifika kwa daktari wa mifugo, si kwa sababu ya mguu bali kwa sababu ya ujinga wangu. Alimtibu tumbo kwanza. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Ana miezi mingapi? Anakimbia wapi? Kilomita ngapi? Anachechemea saa ngapi? Akaushika mguu wa kushoto, akakunja kiwiko taratibu, na Bosco, ambaye sijawahi kumsikia akilia, akavuta mguu na kugeuza kichwa haraka. Kiwiko cha kulia vile vile, kidogo. Eksirei tuliifanya baadaye, nilipouza ile laptopu.

Ni displasia ya kiwiko. Kiwiko cha mbwa kina mifupa mitatu inayopaswa kukua pamoja na kukaana sawasawa. Kwa mbwa wengine haikai sawa, uzito unaangukia sehemu moja, na vipande vidogo vya gegedu na mfupa vinaweza kumeguka. German Shepherd na Labrador wako kwenye orodha ya wanaopatwa sana. Ni kitu cha kuzaliwa nacho. Lakini kilomita sita kwa mbwa ambaye mifupa yake haijakomaa, kwa lami, siku nne kwa wiki, zilimwongezea. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Huyu ni mtoto." Mbwa wa mwili mkubwa mifupa yake inaweza kuendelea kukua hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Kucheza kwa nyasi, sawa, kwa sababu akichoka anaacha mwenyewe. Kukimbizwa kwa kamba ni tofauti, kwa sababu wewe ndiye unaamua lini inaisha, na yeye atakufuata hata mguu ukiwaka moto.

Wanariadha wetu wa Iten, ambao hakuna mtu atasema ni wavivu, wana siku za mbio nyepesi na siku za kupumzika. Mimi nisiyeweza kumaliza kilomita kumi nilikuwa nimempa mtoto wa mbwa ratiba isiyo na siku hata moja ya mbio nyepesi.

Kuna mambo mawili ningependa vijana wa hapa tuyachukue, hasa sasa kila mtu anataka mbwa mkubwa wa kupiga naye picha.

La kwanza, ununuzi. Tunanunua masikio. Tunanunua rangi. Hatuulizi wazazi wa mbwa wanatembea vipi. Marekani kuna shirika linaitwa OFA, lipo tangu 1966, ambalo huweka rekodi za picha za nyonga na viwiko vya mbwa ili mtu ajue kabla ya kuzalisha. Hapa kwetu sitarajii muuzaji wa Makutano awe na picha za eksirei. Lakini unaweza kusema, "Nataka kuona mama yake akitembea, na akiinuka baada ya kulala." Akikataa, weka pesa mfukoni urudi nyumbani. Kama wote tungeuliza hilo swali moja, wauzaji wangebadilika, kwa sababu wao wanazalisha kile tunachonunua.

La pili, chakula. Kuna utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa 2002. Waligawanywa wawili wawili tangu wakiwa wadogo, mmoja akapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, maisha yao yote. Waliokula kidogo waliishi kwa wastani miaka 13, wenzao 11.2, na shida za viungo ziliwachelewea sana. Sisemi umnyime mbwa chakula, na najua mbwa wengi mtaani shida yao ni njaa. Naongea na yule ambaye mbwa wake amekuwa kama tanki kwa mapenzi ya chapati na mifupa. Kila kilo ya ziada inabebwa na hicho kiwiko.

Sasa, najua mtasema nini.

"Ni mbwa tu." Sawa. Lakini ng'ombe wa mtu hapa Meru akichechemea, simu inapigwa asubuhi hiyo hiyo. Mtasema ng'ombe analeta maziwa. Kweli. Na mbwa analeta usingizi. Ule usingizi unaolala ukijua mtu akiruka geti utasikia, ni nani anakupa? Halafu tuna sheria nchini ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Mbwa amo ndani. Si kwamba nataka mtu ashtakiwe kwa kuchechemea kwa mbwa. Nasema tu kwamba "ni mbwa tu" si neno ambalo hata sheria inalikubali.

"Hayo ni mambo ya mbwa wa kizungu, mbwa wa kienyeji yuko sawa." Nusu kweli. Displasia inawapata zaidi hawa wakubwa wanaokua haraka. Lakini mwiba hauulizi kabila la mbwa. Bodaboda pia hauulizi. Kano ya goti pia.

"Doo iko wapi?" Hili ndilo swali la maana, na sitalijibu kwa madharau, kwa sababu mimi mwenyewe niliuza laptopu. Daktari ni pesa. Eksirei ni pesa zaidi. Lakini kupumzika ni bure. Kusimamisha mbio wiki mbili ni bure. Kumtoa kwenye simenti baridi na kumtandikia gunia kavu au godoro kuukuu ni bure. Kutompa dawa ya mathe ni bure. Ukimpumzisha siku mbili na bado anachechemea, hapo ndipo utafute hela, hata kama ni polepole. Na ukienda, nenda kwa mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muulize namba yake ya usajili bila kuona haya. Mtu wa agroveti anaweza kuwa na roho safi, lakini kuuza dawa na kupima mguu ni kazi mbili.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa simu tunaweza kulifanya kuliko mtu yeyote. Mbwa akifika kwa daktari, mara nyingi anaacha kuchechemea. Ameogopa, adrenalini imepanda, anatembea kama askari kwenye gwaride, na wewe unaonekana mwongo. Kwa hivyo mchukue video nyumbani. Ile dakika ya kwanza akiamka baada ya mazoezi. Mchukue akija kwako, akienda mbali nawe, na akipita kwa ubavu. Shusha simu hadi usawa wa mgongo wake. Chukua nyingine kwa mwendo wa pole, kichwa kinachopanda na kushuka utakiona wazi. Andika tarehe, amekimbia kiasi gani, kuchechemea kulichukua dakika ngapi. Mpe daktari hiyo simu. Daktari wetu aliniambia ile video yangu ya "pensheni", nikitoa muziki, ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote.

Niliifuta kwa ukurasa wangu, lakini kwa simu ninayo. Hiyo na ile ya juzi.

Ya juzi inaonyesha Bosco akiwa na miaka miwili na kitu. Hatukimbii tena. Tunatembea, asubuhi dakika ishirini, jioni dakika ishirini, kwa njia ya udongo, si lami. Uzito wake naupima kwa kumbeba na kupanda naye kwenye mizani, halafu natoa wangu. Siku za baridi bado anaamka amekakamaa, na daktari ameniambia hivyo viwiko vitamsumbua hadi uzee wake. Hakuna sehemu ya hii stori ambapo nasema alipona. Anaishi vizuri, anakula, anabweka kila bodaboda inayosimama kwa geti. Lakini kuna kitu alikuwa nacho akiwa na miezi saba ambacho hakitarudi, na mimi ndiye nilikimaliza nikitafuta namba.

Nilipoacha chuo, watu wengi waliniambia "umechoka tu, pumzika urudi". Hakuna aliyeuliza nini hasa kilikuwa kinauma. Nilichukia sana hilo neno. Halafu nikaja nikalitumia kwa kiumbe ambacho hakiwezi hata kunijibu.

Kwa hivyo leo jioni, ukimtoa mbwa wako, mwache apumzike saa moja au mbili ukirudi. Kisha mwite. Usiangalie miguu. Angalia kichwa.